MIZANI NI YA WATU WAWILI

Ndugu wafanyakazi wa Kisii na Nyamira, mafundi na vibarua, madereva na makarani, na nyinyi dada zetu mnaobeba maji na mawe mijengoni, twawasalimu.

Juzi chama chetu kiliandikiwa barua kipeleke watu wawili kwenye semina mjini Kisii. Barua ilisema semina itafundisha jinsi ya kupima maendeleo ya miradi na jinsi ya kuwatia moyo watu wanaoifanya. Tulifurahi. Tulisema, haya, leo mwenye jembe ameitwa penye mazungumzo ya shamba. Tukaenda, daftari letu kwapani, tayari kuulizwa.

Hatukuulizwa. Tulipewa chai, tukapewa kalamu, tukaonyeshwa picha ukutani. Kila mradi ulikuwa na mraba wake wenye rangi. Kijani maana yake mradi unakwenda vyema. Manjano maana yake umeanza kulegea. Nyekundu maana yake umekwama. Tukautafuta mradi wetu, yaani ile wodi ya akina mama wanaojifungua inayojengwa katika kituo kimoja cha afya upande wa Nyamira, ambako wanachama wetu 34 wana kazi. Tukauona. Ulikuwa mwekundu. Na kando yake, mahali pa kuandika sababu, palikuwa na maneno manne tu: Ari ndogo ya wafanyakazi.

Msemaji hakukawia hapo. Alisema dawa ya ari ndogo ni kuwatambua wafanyakazi: kuwapa fulana zenye jina la mradi, kumchagua mfanyakazi bora wa mwezi, kumpa cheti na kumpiga picha. Watu wakapiga makofi. Alhamisi iliyofuata ikaja barua nyingine, na hiyo haikutaja fulana. Ilisema ya kwamba watu wetu 34 wataondolewa mwisho wa mwezi kwa sababu ya utendaji duni, na mahali pao wataletwa wengine wenye ari.

Ndugu, ndiyo sababu ya karatasi hii. Maneno manne ya ukutani yanataka kula riziki ya nyumba 34. Basi na tuyapime maneno hayo.

DAFTARI LETU LASEMAJE

Mwakilishi wetu pale mjengoni ana daftari la shule, la mistari. Kila jioni kabla ya kuondoka anaandika mambo matatu: watu wangapi walifika, vifaa gani vilikuwapo, na kazi gani ilifanyika. Hana kompyuta wala hana rangi. Ana kalamu ya wino na macho mawili.

Tulipotoka kwenye semina tulilifungua daftari hilo, tukausoma mwezi mzima. Siku za kazi zilikuwa 26. Hakuna siku ambayo walifika watu chini ya 30. Siku 9 hapakuwa na simiti hata mfuko mmoja. Siku 4 mchanga uliletwa, lakini lori lilizama matopeni chini ya kilima, kwa maana mvua ya alasiri ya kwetu haingojei mtu, na barabara ya kuingilia mjengoni haikumwagwa muramu ingawa muramu umo katika mpango wa kazi. Siku 2 fundi mkuu aliitwa aende kwenye mjengo mwingine wa bwana yuleyule, akaondoka pamoja na ile mashine moja ya kukoroga zege.

Toeni siku hizo 15, zinabaki 11. Katika siku 11 hizo ukuta ulipanda kutoka msingi hadi juu ya madirisha. Mwenye macho na aende akatazame.

Sasa twauliza. Katika zile siku 15 zilizopotea, ni ngapi zilizopotea kwa sababu ya ari ndogo? Je, kibarua akiwa na ari kubwa, simiti itatoka mfukoni mwake? Akivaa fulana ya mradi, lori litapanda kilima?

Tena kuna ukurasa mwingine katika daftari hilo, ukurasa wa mishahara. Mwezi wa kwanza ulilipwa kwa tarehe yake. Mwezi wa pili ulilipwa nusu, tarehe 19. Mwezi wa tatu haujalipwa hadi tunapopiga chapa karatasi hii. Na katika miezi hiyo mitatu mtu wa duka amekataa kukopesha, bodaboda amekataa kukopesha, na mwalimu amewarudisha watoto nyumbani. Hata hivyo asubuhi walifika watu 30 na zaidi. Ndugu, kama hiyo si ari, basi twaomba wataalamu watufundishe upya maana ya neno hilo.

NANI ANASHIKA KALAMU

Wako watakaosema kwamba yule bwana mkandarasi naye hajalipwa. Huenda ni kweli, nasi hatumwonei. Twajua jinsi pesa zinavyosafiri. Zinatoka hazina ya Nairobi zikiwa zimechelewa, zinakaa kwenye kaunti zikingoja sahihi, ndipo zinamfikia mkandarasi, na kwetu zinafika mwisho kama zinafika. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inamwangalia mkandarasi: akicheleweshewa pesa zake, anaweza kudai riba, isipokuwa mkataba wake uwe umesema vingine. Kibarua akicheleweshewa, riba yake ni nini? Riba yake ni matusi ya mwenye nyumba ya kupanga.

Lakini kama sababu ni pesa kuchelewa, kwa nini ukutani haikuandikwa: Pesa zimechelewa? Kwa nini haikuandikwa: Simiti haikuletwa siku 9?

Jawabu ni rahisi. Anayeandika sababu ni mtu wa juu, na kila sababu ya kweli ina jina la mtu wa juu ndani yake. Akiandika kwamba pesa zilichelewa, atakuwa amemshtaki mkubwa wake. Akiandika kwamba simiti haikufika, atakuwa amejishtaki mwenyewe. Akiandika kwamba barabara haikumwagwa muramu, mwenye kandarasi atakasirika. Basi anatafuta mtu ambaye hawezi kujibu, na asiyeweza kujibu ni yule asiyeshika kalamu. Lawama ni kama maji ya mvua juu ya vilima vyetu. Hushuka tu, mpaka imkute aliye bondeni.

KIPANDE KILIKUWA HIVYO HIVYO

Wazee wetu walikijua kipimo cha namna hii. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa kutosha kufanya kazi akalazimishwa kubeba kipande. Kipande kiliwekwa ndani ya kikopo cha bati kikaning'inizwa shingoni. Ndani yake mlikuwa na alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara wake, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachishwa. Mtu akiiacha kazi bila ruhusa, kipande kilisaidia kumsaka mpaka apatikane.

Tena ilikuwako kazi ya tikiti. Kibarua alipewa tikiti ya siku 30 za kazi, naye alitakiwa azimalize ndani ya siku 42. Kila siku aliyofanya kazi iliwekwa alama. Siku isiyowekwa alama haikuhesabiwa. Wengi wa wazee wetu waliotoka vilima hivi kwenda mashamba ya chai ya Kericho walijua uzito wa alama ile ndogo ya kalamu ya nyapara.

Tazameni sana kipande hicho. Kilimpima mfanyakazi kutoka kidoleni hadi kwenye mshahara. Lakini palikuwapo wapi mahali pa mfanyakazi kuandika juu ya bwana wake? Mahali pa kusema bwana huyu hulipa kwa wakati, au bwana huyu hupiga watu? Hapakuwapo. Kipande kilikuwa kipimo cha upande mmoja, na kilikomeshwa miaka mingi iliyopita.

Hatusemi kompyuta ni kipande, wala hatusemi serikali ya leo ni ya ukoloni. Leo tuna Katiba ya mwaka 2010, na Ibara ya 41 inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, ya mazingira mazuri ya kazi na ya kujiunga na chama. Twasema tu kwamba mtu anaweza kubadilisha kikopo cha bati akaweka kioo cha kompyuta, na bado kalamu ikawa mkononi mwa mtu mmoja.

Watazameni ndugu zetu wahamasishaji wa afya wa vijijini. Mwaka 2023 serikali iliwatangaza nchi nzima, zaidi ya watu 100,000, ikawapa mikoba ya vifaa na simu. Posho iliyotangazwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi: 2,500 kutoka serikali kuu na 2,500 kutoka kaunti. Mhamasishaji akiitembelea nyumba, anaandika katika simu, na wakubwa wanaweza kujua ni nyumba ngapi zimetembelewa na watoto wangapi wamepimwa. Ni jambo jema. Lakini simu hiyohiyo ingeweza pia kuwaonyesha wananchi tarehe ambayo kila nusu ya posho ililipwa. Chombo kinachoweza kuhesabu nyumba za kijiji kizima hakishindwi kuhesabu siku za mshahara. Kinachokosekana ni mtu wa kukiamuru kihesabu.

Na mikataba ya utendakazi vilevile. Serikali ya Kenya iliianzisha mwaka 2004, ikianza na mashirika 16 ya umma. Wazo lilikuwa zuri: mkubwa atie sahihi aseme atafanya nini mwaka huu, na mwisho wa mwaka apimwe. Angalieni, wazo hilo lilikuwa la kumpima mkubwa! Lakini kadiri karatasi inavyoshuka kutoka ofisi hadi ofisi, ahadi za mkubwa zinabaki juu, na kipimo peke yake kinashuka chini. Kikifika mjengoni, kinamkuta kibarua ambaye hakutia sahihi popote.

HADITHI ZA NG'AMBO

Msemaji wa semina alitupa hadithi ya kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, Marekani. Alisema wataalamu walifanya majaribio huko tangu mwaka 1924 hadi 1932, wakabadilisha taa na saa za mapumziko, na kazi ikaongezeka. Fundisho lake ni kwamba mfanyakazi akijua anatazamwa na kuthaminiwa, moyo wake huinuka. Kwa hiyo, tuwathamini.

Hadithi hiyo ni ya kweli, lakini aliikata mkia. Katika chumba maarufu cha majaribio hayo walifanya kazi wanawake wachache waliounganisha vipande vya mitambo ya simu. Walipoingizwa humo, malipo yao yalibadilishwa. Kabla ya hapo bonasi yao ilihesabiwa pamoja na kundi kubwa la kiwanda. Humo ndani ikahesabiwa kwa kazi ya kikundi chao kidogo, hata kila mmoja akaona faida ya bidii yake mfukoni mwake. Na wawili kati yao, walioonekana wanazungumza mno na hawafuati amri, walitolewa wakaletwa wengine. Haya hatukuyasikia kwenye semina. Tulisikia juu ya taa. Juu ya malipo hatukusikia kitu.

Na mbele ya hao alikuwapo bwana Frederick Taylor, ambaye wengi humwita baba wa kupima kazi kwa saa. Katika kitabu chake cha mwaka 1911 alijisifu jinsi alivyomfundisha kibarua mmoja katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem, Pennsylvania. Kibarua huyo, aliyempa jina la Schmidt, alikuwa akipakia tani 12 na nusu za chuma kwa siku. Kwa hesabu ya Taylor mwenyewe alifikishwa tani 47. Na mshahara wake? Ulitoka dola 1.15 kwa siku ukawa dola 1.85. Ndugu, fanyeni hesabu. Kazi ilipanda karibu mara nne, mshahara haukufika hata mara mbili. Kila mtu akija kwetu na saa mkononi kutupima, na tumwulize swali moja la Schmidt: Hicho kilichozidi, ni cha nani?

TUNA MAFUNZO YETU

Haikuwa lazima twende Chicago. Hapa Gusii watu walijua kuifanya kazi kubwa pamoja kabla ya semina. Ilikuwako risaga: mwenye shamba aliwaita majirani, wakaja na majembe, wakalima tangu alfajiri, na mwenye shamba akawapa chakula na kinywaji. Ilikuwako egesangio, kikundi kidogo cha kusaidiana kwa zamu: leo twalima kwako, kesho kwangu.

Kazi hiyo ilipimwaje? Ilipimwa kwa macho ya wote. Mstari wa kulimwa ulionekana tangu mwanzo hadi mwisho wake, na kila mtu aliona sehemu yake na sehemu ya mwenzake. Na mwenye shamba naye alipimwa. Kama chakula kilikuwa kidogo au kilichelewa, habari ilivuka kilima kabla ya jua kuzama, na risaga yake ya pili ilikuwa na watu wachache. Katika egesangio mvivu alijulikana, kwa sababu zamu yake ingefika. Hapakuwa na cheti. Palikuwa na mambo matatu: kazi inayoonekana, malipo yasiyongoja, na hesabu inayokwenda pande zote mbili.

Leo tazameni majani chai. Mkulima wa Kebirigo, wa Nyansiongo, wa Ogembo au wa Nyamache huchukua majani yake mpaka kituoni. Mfuko unatundikwa kwenye mizani. Karani anasoma, mkulima naye anasoma, na kilo zinaandikwa kwenye risiti ambayo mkulima anarudi nayo nyumbani. Ikitokea kilo moja imeibiwa, ugomvi unaanza palepale, kwa kuwa wawili wameiona mizani ileile. Hiyo ndiyo heshima ya mizani.

Lakini bonasi ya mwisho wa mwaka ni jambo jingine. Mkulima wa kwetu husikia kwamba mwenzake wa mashariki ya Bonde la Ufa amelipwa zaidi kwa kila kilo. Anaambiwa ni bei ya mnada wa Mombasa, ni ubora, ni gharama za kiwanda. Huenda zimo sababu za haki, lakini hesabu hiyo yeye hakuiona ikifanywa, ndiyo maana msimu wa bonasi ukifika husikiki wimbo, husikika malalamiko. Penye mizani inayoonekana mtu huamka saa kumi na moja kwenda kuchuma. Penye hesabu ya gizani mtu huyohuyo huanza kuuliza kama aing'oe michai yake. Mtu ni yule yule, ari ndiyo iliyobadilika, kwa kuwa mizani ilifichwa.

Hapo ndipo neno letu lilipo. Sisi hatukatai kupimwa. Anayekataa mizani ana jiwe ndani ya mfuko. Twakataa mizani inayosomwa na mtu mmoja.

NA SISI TUJIPIME

Kwa sababu hiyo hatuwezi kuficha makosa yetu. Daftari letu lina kurasa ambazo hatuzipendi. Zimo siku mbili ambapo majina ya watu watatu yalitiwa sahihi na wenzao, nao walikuwa sokoni Keroka. Umo mfuko mmoja wa simiti uliotoka usiku, usirudi. Wako wanaofika saa mbili na nusu wakati wenzao wamefika saa moja, halafu jioni wanakuwa wa kwanza kunawa mikono.

Wanaofanya hivyo wajue ya kwamba wao ndio wanaompa bwana yule wino wa kuandika maneno manne. Anayetia sahihi ya mtu asiyekuwapo ameharibu daftari la chama, na daftari ndiyo silaha pekee tuliyo nayo. Kamati imekwisha kuwaita watu hao. Wamekiri, na siku zao zimefutwa. Twaandika haya mbele ya watu wote, kwa maana twadai wakubwa nao waandike ya kwao mbele ya watu wote.

TWATAKA NINI

Kwanza. Mlangoni pa mjengo pawekwe ubao mmoja wenye safu mbili. Safu moja iandikwe kazi iliyotakiwa wiki hii na kazi iliyofanyika. Safu ya pili iandikwe vifaa vilivyotakiwa na vilivyoletwa, mashine iliyotakiwa na iliyokuwapo, na tarehe ya mshahara na siku uliolipwa. Kama wakubwa wanapenda rangi, hatuna ugomvi, lakini nyekundu iwaangukie wote wanaostahili.

Pili. Mahali pa kuandika sababu pawe na sahihi mbili, ya msimamizi na ya mwakilishi wa wafanyakazi. Wasipokubaliana, ziandikwe sababu zote mbili, na mkaguzi atakayekuja aamue kwa macho yake.

Tatu. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya majembe kushikwa, msimamizi atumie robo saa kuwaambia watu kazi ya wiki ni ipi, nini kipo na nini hakipo, kwa Kiswahili au kwa Ekegusii. Watu wapewe nafasi kusema. Fundi anayejua kwamba simiti itafika Jumatano hatapoteza Jumatatu akingoja. Atapanga mawe, atachimba mtaro, atakunja vyuma. Robo saa hiyo ina nguvu kuliko vyeti kumi.

Nne. Mshahara ulipwe kwa siku yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 18, inasema kibarua wa siku hulipwa mwisho wa siku, na aliyeajiriwa kwa zaidi ya mwezi hulipwa mwisho wa kila mwezi. Na kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja au zaidi hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku. Watu wetu 34 wamefanya kazi miezi mitatu. Asiwepo mtu wa kuwaambia, Nyinyi ni vibarua tu.

Tano. Kama kuna pesa za fulana na za vyeti, zilipe kwanza deni la mshahara. Zikibaki, na iwe zawadi ya kundi lote ukuta ukifika kwenye paa. Mfanyakazi bora wa mwezi hakujenga ukuta peke yake. Nyuma yake yuko aliyembebea maji.

Sita. Barua ya Alhamisi irudishwe. Kifungu cha 41 cha sheria hiyohiyo kinasema ya kwamba mwajiri akitaka kumwachisha mtu kwa utendaji duni, sharti kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama anayemchagua, na asikilize jawabu lake. Je, kuna mmoja kati ya 34 aliyeelezwa? Kuna mmoja aliyesikilizwa? Rangi ya ukutani si maelezo, na makofi ya semina si kusikilizwa.

Na wananchi nao wana lao la kufanya. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka kaunti itenge si chini ya asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti akionyesha kila kaunti ilitumia kiasi gani kwa kazi za kawaida na kiasi gani kwa maendeleo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila Mkenya haki ya kuomba hesabu za mradi unaojengwa kwa kodi yake. Twawaomba akina mama wa kijiji, ambao wodi hiyo ni yao, waziombe hesabu hizo pamoja nasi. Mradi ukikwama, sisi twakosa mshahara. Wao wanabebwa kwa bodaboda usiku, katika matope, uchungu umekwisha kuanza.

JUMAMOSI

Mkutano utakuwa Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, katika ofisi ya tawi. Watu wote 34 wafike, na wa mijengo mingine wafike pia, kwa maana kidole kimoja hakivunji chawa. Kila mtu alete karatasi yoyote aliyopewa. Aliyelipwa kwa simu asifute ujumbe wa malipo, wala asimwachie mtu mwingine simu yake. Mwakilishi atakuja na daftari, na litasomwa kwa sauti kutoka ukurasa wa kwanza, pamoja na zile kurasa za aibu yetu.

Bwana mwenye mradi amealikwa kwa barua. Tumemwomba aje na daftari lake. Akija nalo, tutayaweka mezani mawili hayo, tuyasome siku kwa siku, simiti kwa simiti, shilingi kwa shilingi. Palipo na kosa letu, tutalibeba. Palipo na lake, alibebe. Hapo wodi itamalizika kabla ya masika mengine, na hatutahitaji mtaalamu wa kututia moyo.

Asipokuja, tutaandika pia kwamba hakuja, na tarehe.

Umoja ni nguvu.

Sisi, Kamati ya Tawi.